Mnada wa sarafu Mji wa Kale: mzee katoka, mpwa kaingia, daftari limefungwa

#1 Kibokoni_Juu
Hamjambo wadau. Nina jambo, mnistahamilie urefu.

Wakusanyaji wa sarafu wa hapa Mombasa wanaujua mnada wetu mdogo, jina siliweki. Ni ghorofani, nyuma ya Ndia Kuu, viti vya plastiki na birika la kahawa, Jumamosi moja kila mwezi. Miaka kumi na tisa aliyeshika nyundo ni mzee mmoja tu. (Nyundo yenyewe ni mchi wa kinu cha kutwangia iliki.) Masharti yake yalikuwa machache. Muuzaji aseme sarafu kaipata kwa nani, mzee aandike kwenye daftari. Akibabaika, sarafu haipandi mezani. Kamisheni asilimia 5 kwa muuzaji peke yake. Na sarafu iliyosuguliwa haipokei hata umlilie.

Mwaka huu macho yamemshinda, mtoto wa jicho, akamwachia mpwa wake. Kijana ana akili, alikuwa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwezi wa kwanza kapandisha kamisheni: muuzaji 10, na mnunuzi naye 15 juu ya bei ya nyundo, ile bei ya mwisho iliyogongewa. Mwezi wa pili kaleta madau ya WhatsApp. Wa tatu daftari limefungwa, eti mali ya watu ni siri ya watu. Jumamosi iliyopita rupia ya Mombasa ya 1888, safi, imekwenda kwa simu kwa mtu aliye nje ya nchi. Wazee watatu wakainuka, wakavaa makubadhi yao mlangoni, wakashuka ngazi bila kuaga.

Nauliza: mnada unakua au unakufa? Na zile nyumba kubwa za Ulaya na Marekani, akitoka mjuzi akaingia mtu wa hesabu, huwa hivi hivi?

#2 Pweza_Mkavu
Weka picha ya rupia kwanza ndiyo tulie pamoja.

#3 Kisauni_Moja
Nina sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, ya 2003. Huyo mpwa ananunua?

#4 Pweza_Mkavu
Ananunua. Shilingi 40, utoe na kamisheni.

#5 Mwalimu_Mstaafu
Kibokoni, umeuliza kuhusu nyumba kubwa, basi sikia kisa cha jina moja.

Marekani kuna Q. David Bowers, aliyeanza kuuza sarafu akiwa kijana mdogo miaka ya 1950. Baadaye akawa na kampuni na mwenzake, Bowers and Ruddy. Mwaka 1974 ikanunuliwa na General Mills. Hao ni watu wa nafaka za kiamshakinywa, ndugu zangu. Na ni chini ya hao watu wa nafaka ndipo ilipouzwa hazina ya sarafu za familia ya Garrett, kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kati ya 1979 na 1981, ikaingiza kama dola milioni 25. Kwa hiyo mwenye mali kutojua sarafu si lazima auharibu mnada.

Halafu Bowers akaanzisha nyingine, Bowers and Merena. Mwaka 2000 ikanunuliwa na Collectors Universe, 2004 ikaenda kwa nyumba nyingine ya mnada, ya Greg Manning. Bowers mwenyewe alikuwa keshatoka, yuko na nyumba mpya iliyoanza 2003, jina lake la biashara kaliacha nyuma likishikwa na wengine. Nyumba hiyo mpya ikaungana na Stack's wa New York 2006. Na 2011 Stack's wakaungana na ile iliyobaki na jina la Bowers, ikawa Stack's Bowers. Mtu kalikimbia jina lake, wakaja kukutana mbele ya safari.

#6 Pweza_Mkavu
Kama mke aliyeachwa akarudi kwa eda mpya.

Ila hiyo rupia ya mizani mnaikuza. Kwa bibi yangu Likoni zipo kopo zima la maziwa.

#7 Unguja_Kaskazini
Yakhe Pweza, kopo zima la rupia? Hebu tulia. Hizo za bibi ni za shaba, si ndiyo? Basi hizo ni paisa. Na tazama mwaka kwa namba za Kiarabu. Ikiwa ni 1299 au 1304, hiyo ni ya kwetu, ya Sayyid Barghash, ina mizani pia. Ikiwa ni 1306, hiyo ndiyo ya kampuni ya Waingereza hapo kwenu, ile Imperial British East Africa, mwaka 1888 kwa Kizungu. Kampuni ilipopata hati yake mwaka huo iliona watu wa pwani wameshazoea paisa ya mizani, ikaiga. Ndiyo maana mnazichanganya mpaka leo.

Rupia ni fedha, ina jua lenye taji, na neno MOMBASA limeandikwa wazi.

#8 Pweza_Mkavu
Nimempigia bibi. Asema ni shaba. Basi nimerudi kwenye umaskini wangu.

#9 Kisauni_Moja
Hizo rupia si zilitengenezwa Bombay?

#10 Mwalimu_Mstaafu
Hapana. Rupia ilipigwa Birmingham, kwenye kiwanda cha sarafu cha Heaton. Tafuta herufi H ndogo karibu na mwaka. Paisa ndiyo zipo zenye herufi C na M, za Calcutta.

#11 Binti_Makadara
Mimi nimo miongoni mwa waliokataliwa na huyo mzee, kwa hivyo nina haki ya kusema.

Babangu alifariki akaacha kijaluba cha bati. Ndani mlikuwa na senti za tundu nyingi, reale moja ya Maria Theresa, na rupia moja ya 1888 nyeusi kama sufuria ya mkaa. Mamangu, kwa nia njema kabisa, kabla sijaipeleka akaiosha. Alitumia ukwaju na majivu, kwa kumbi la nazi, kama asuguavyo sinia za shaba siku ya arusi. Ikang'ara mpaka ukiitazama jua lakurejea usoni.

Mzee aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaipindua chini ya taa mara moja. Hakusema neno. Akaitelezesha mezani kunirejeshea kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka ikafika ukingoni kwangu. Nilitamani anitukane. Nilipouliza ndio akasema, "Mamako kaiosha ngozi, mwanangu. Ngozi haioti tena."

Mwezi uliopita nimempelekea mpwa. Kaipokea, kaandika "imesafishwa" kwenye maelezo, ikauzwa. Bei ndogo lakini nimelipa karo ya mtoto. Sasa niambieni, maadili ya nani ndiyo bora? Yule aliyeniheshimu sarafu au aliyeniheshimu shida?

#12 Kibokoni_Juu
Dada Makadara, pole na hongera. Hilo la kuandika "imesafishwa" sikulijua, nampa haki yake.

#13 Ndizi_Mzuzu
Salamu kutoka Dar. Wakuu, nyote mnazunguka. Siku hizi mjuzi ni plastiki. Tangu kampuni za kupima sarafu za Marekani zianze, PCGS 1986 na NGC 1987, sarafu inapelekwa, inapewa namba kati ya 1 na 70, inafungwa kwenye kasha. Mnunuzi hanunui jicho la mzee, ananunua namba. Ndiyo maana mtu wa mizigo anaweza kuendesha mnada, na ndiyo maana fedha za wakubwa zimeingia humo. Mwaka 2021 Blackstone wakachukua sehemu kubwa ya kundi lenye NGC, na mwaka huo huo wenye PCGS nao wakanunuliwa na kundi la wawekezaji. Tatizo lenu si mpwa. Mjuzi amepoteza kazi.

#14 Sonara_Mtulivu
Plastiki gani, mzee wangu? Katika meza ile ya ghorofani nimekaa miaka, sijaona makasha kumi. Nani wa hapa atatuma rupia kwa hao wapimaji wa NGC huko Florida kwa posta na kurejeshewa, bei ya usafiri ishaila sarafu?

Jicho la kwetu ni mizani. Rupia ni tola moja, na tola ni gramu 11.66. Huja mtu na rupia ya gramu 10 na nusu anaapa kwa kila kiapo. Mzee alikuwa na mizani ya sonara, ile ya vikombe viwili, na rupia moja ya kweli ya kulinganishia. Anaweka huku na huku, vikombe vinajibu. Mpwa ana mizani ya betri. Inafanya kazi ile ile, labda bora. Kilichobadilika ni kwamba zamani sote tuliviona vile vikombe vikilala sawa. Sasa yeye anasoma namba peke yake, halafu anatuma picha.

#15 Ndizi_Mzuzu
Sawa mkuu, hapo umenikamata. Ila kwa bei za fedha za leo, ninyi masonara mmeyeyusha ngapi?

#16 Sonara_Mtulivu
Hilo swali ulikumbuke Kiyama, si leo.

#17 Haki_ya_Mvita
Nashangaa post 16 zimepita hakuna aliyegusa la msingi. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema kitu cha kale kinachohamishika ni kilichotengenezwa Kenya *au kuingizwa* Kenya kabla ya 1895. Rupia ya 1888 imo. Kuuza ndani ni jambo moja, kuitoa nchini bila kibali ni jambo jingine. Yule mnunuzi wa simu aliye nje ataipokeaje? Mpwa aliombaje kibali? Ameenda kwa watu wa makumbusho Fort Jesus kuuliza?

Na mwaka wenyewe 1895 ndio kampuni iliposhindwa na serikali ya Uingereza ikachukua. Kwa hivyo sarafu zote za kampuni zimo ndani ya mpaka.

#18 Pweza_Mkavu
Lakini si Mwalimu kasema imepigwa Birmingham? Ni ya Mzungu, arudishiwe tu.

#19 Haki_ya_Mvita
Ndiyo nimeandika "au kuingizwa".

#20 Ndizi_Mzuzu
Na utathibitishaje rupia *hii* iliingia kabla ya 1895? Huenda mtalii kaja nayo 1990 kutoka mnada wa London, kaiangusha Nyali.

#21 Haki_ya_Mvita
Umejijibu mwenyewe. Kwa daftari.

#22 Mwalimu_Mstaafu
Na hapo ndipo nyumba kubwa zilipoungua. Oktoba 2020 London, Roma Numismatics waliuza sarafu ya dhahabu ya Brutus, ile ya kusherehekea kuuawa kwa Kaisari, kwa pauni milioni 3.24. Karatasi zilisema imetoka kwenye mkusanyiko wa zamani wa familia ya kibwanyenye. Karatasi zilikuwa za uongo. Mwenye nyumba akakamatwa New York Januari 2023, sarafu ikarudishwa Ugiriki Machi, yeye akakiri kosa Agosti mwaka huo huo. Na huyo hakuwa mtu wa hesabu aliyeingizwa na wawekezaji. Alikuwa mwanzilishi na mjuzi wa sarafu hasa. Kwa hiyo Kibokoni, nadharia yako ya "mjuzi mwema, mhasibu mbaya" ina tundu kama senti kumi.

#23 Unguja_Kaskazini
Swadakta.

#24 Zamani_Karani
Nimesoma kimya kimya tangu juzi, sasa nimeshindwa.

Nilimwandikia huyo mzee daftari karibu miaka minne. Nampenda kama baba. Lakini mnaosema "maadili ya mzee" hamkuwa chumbani siku za Alhamisi. Wauzaji walikuwa wakileta sarafu Alhamisi ili ziangaliwe. Ile nzuri kabisa, mzee humwambia mjane, "Hii mnadani itapigwa bei ya chini, mimi nitakupa kadhaa sasa hivi." Anampa, na kweli anampa pesa mkononi siku hiyo hiyo, wala si pesa ya kitoto. Lakini haikufika mezani kamwe. Mliokuwa mkikaa Jumamosi mlikuwa mnakula makombo bila kujua. Daftari lina kurasa hizo pia, kwa hati yangu.

Sitaki kumvunjia mtu heshima. Nasema tu kwamba mpwa hanunui kwa ajili yake mwenyewe. Hilo amelikata siku ya kwanza. Nanyi hamkuliandika kwenye malalamiko kwa sababu hamkujua kuna cha kukatwa.

#25 Kibokoni_Juu
Nimeisoma mara tatu. Sina la kusema kwa sasa.

#26 Binti_Makadara
Mimi ninalo. Karani, ulipoandika, ulimwambia hata mjane mmoja?

#27 Zamani_Karani
Hapana.

#28 Mwalimu_Mstaafu
Karani, ahsante kwa ukweli. Naongeza kidogo tu. Nilitaja Collectors Universe walinunua Bowers and Merena 2000. Hao hao ndio waliokuwa na PCGS, wanaotoa zile namba za Ndizi. Yaani kwa miaka minne anayepima na anayepiga nyundo walikuwa chini ya paa moja. Watu walilalamika sana, wengine waliona sawa maadamu milango ni miwili. Kisha nyumba ile ikaenda kwa Greg Manning, ambaye mwenye hisa nyingi alikuja kuwa Afinsa wa Hispania, na Mei 2006 polisi wa Hispania wakaivamia Afinsa kwa biashara ya stempu iliyokuwa ikilipa wawekezaji wa zamani kwa pesa za wapya. Malaki ya watu, wengi wastaafu kama mimi.

Kwa hiyo tukitafuta chanzo kimoja, kipi? Mjuzi anayenunua mezani kwake? Mpimaji aliye muuzaji? Mwekezaji wa mbali? Sijui, na nimesoma miaka thelathini.

#29 Sonara_Mtulivu
Mimi nasema chanzo ni watoto. Baldwin's, wauza sarafu wa London, walianza 1872, mali ya familia. 2005 wakauza kwa kampuni ya Noble, na Noble wakanunuliwa na Stanley Gibbons, watu wa stempu, 2013. Kwangu mimi nina wanaume watatu, mmoja yuko Doha, mmoja anaendesha tuktuk, mmoja hataki hata kunuka fedha. Nikifa duka linakuwa la simu. Mzee angalau alikuwa na mpwa.

#30 Ndizi_Mzuzu
Nadharia ya tano hii, nahesabu. Wakati mnasubiri ya sita, nina senti kumi ya tundu ya 1936 ya Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Naambiwa ni mamilioni.

#31 Unguja_Kaskazini
Ndugu yangu, hiyo ndiyo sarafu iliyovunja nyoyo nyingi kuliko zote Afrika Mashariki. Sura yake haimo kwa kuwa ina tundu, jina tu ndilo limo, na zilipigwa nyingi mno. Kuna mtu alikuja nayo mpaka Darajani ameifunga kwenye leso tatu. Alirudi nayo imefungwa leso moja.

#32 Kisauni_Moja
Kumbe si mimi peke yangu.

#33 Haki_ya_Mvita
Naomba turudi. Denmark kulikuwa na tajiri wa siagi, Lars Emil Bruun, aliyefariki 1923. Aliona vita vya kwanza, akaogopa hazina ya taifa lake isije ikaharibiwa, akausia sarafu zake zipatazo 20,000 zikae miaka mia moja kama akiba ya nchi, ndipo zikauzwe kwa faida ya kizazi chake. Mia ikaisha, na Septemba 2024 wakaanza kuziuza, Stack's Bowers hao hao. Lakini kabla ya mnada Makumbusho ya Taifa yalipewa nafasi ya kwanza ya kuchagua na kununua. Hilo ndilo ninalolitaka hapa. Mpwa auze, apate 15 yake, lakini Fort Jesus waone kwanza.

#34 Sonara_Mtulivu
Waone kwa pesa gani? Utamwambia Binti Makadara asubiri karo mpaka bajeti isomwe?

#35 Binti_Makadara
Msinitumie kama mfano bila ruhusa 😂 Ila ndiyo, singesubiri.

#36 Pweza_Mkavu
Nyinyi wote mwabishana juu ya sarafu ya kampuni iliyokuja kutoza watu ushuru kwenye bandari yao wenyewe, ikaweka mizani juu yake. Babu zetu wangetucheka.

#37 Kibokoni_Juu
Narudi na habari. Jumamosi hii nimekwenda. Ghorofani tulikuwa saba, simu zilizowashwa kumi na tano hivi. Nilimfuata mpwa kwenye ngazi kabla hajaanza, nikamuuliza habari ya kibali na ya daftari, kwa adabu. Akasema ile rupia bado iko kabatini, haijatumwa, anasubiri kuelekezwa Fort Jesus ni ofisi ipi. Kama ni kweli sijui, lakini kabati nimeliona limefungwa kwa kufuli jipya. La daftari akasema halijafungwa kwa sababu ya wauzaji. Limefungwa kwa sababu ya kurasa za Alhamisi, hataki jina la mjomba wake lisomwe na kila mpanda ngazi. Karani, salamu zako zimefika hata kabla sijazifikisha.

Kisha mnada. Loti ya sita, rupia nyingine ya 1888, imechoka kidogo, herufi H yaonekana kwa shida. Chumbani tuliacha mapema. Simu mbili zikashindana mpaka moja ikanyamaza. Mpwa akagonga kwa ule mchi wa iliki, huo hajaubadilisha, akasoma jina la mshindi kimoyomoyo, akacheka peke yake.

Alikuwa mzee. Bintiye ndiye aliyekuwa akimshikia simu.

#38 Zamani_Karani
Na 15 kalipa?

#39 Kibokoni_Juu
Kalipa kwa M-Pesa papo hapo. Bintiye akatuma ujumbe wa sauti, ni sauti ya mzee mwenyewe, ataka risiti iandikwe imetoka kwa nani.

#40 Sonara_Mtulivu
Imeandikwa?

#41 Kibokoni_Juu
Mpwa alikuwa bado anatafuta kalamu nilipoondoka.

#42 Kisauni_Moja
Mimi na shilingi 40 yangu bado tupo hapa.